Njia Tambarare ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kuyaona magoti yangu mpaka mwaka ule nilipoamua kwenda kukimbia mbio ndefu za Ulaya. Nasema hivyo mapema ili usije ukangoja dhahabu. Mimi ni Mkenya, naam, lakini ni Mkenya wa Githongo kwa Wameru, watu wa kahawa, na sisi ukituona tunakimbia, ujue kuna ng'ombe ametoroka.

Nilikuwa na tumbo. Mke wangu aliliita mradi wa serikali, kwa sababu lilianza kwa sherehe na halikuonyesha dalili ya kuisha. Siku moja nikapimwa sukari, na daktari akaniambia maneno yale yale ambayo baba yangu aliambiwa zamani nikiwa nimesimama kando yake: punguza, tembea, la sivyo. Baba hakupunguza wala hakutembea. Walimkata mguu akiwa na umri niliokuwa nao mimi siku hiyo, na miaka yake ya mwisho aliimalizia kwenye kiti cha mbao mlangoni, akiwafokea kuku. Niliogopa. Sitazunguka maneno, niliogopa mpaka kesho yake darasani nikawafundisha watoto somo la jana.

Basi, kwa kuwa mimi nikiogopa hukasirika, nikakasirika. Wanasema sisi Wameru tuna hasira za karibu. Ni uongo mtupu, na anayesema hivyo aje tuzungumze nje. Nikatangaza kwenye chumba cha walimu, bila kuulizwa na mtu, kwamba nitakimbia kilomita arobaini na mbili katika jiji kubwa la ng'ambo. Mwalimu wa hesabu akacheka hadi akamwaga chai juu ya madaftari ya watoto. Angenyamaza, huenda ningesahau. Lakini alicheka.

Kuchagua jiji ikawa kazi. Mbio hizi kubwa huziendei tu kama unavyoenda sokoni. Unaomba, jina lako linaingizwa kwenye kura ya kompyuta, unangoja. Mke wangu alitaka London, ati nikimaliza nipitie kwa binamu yake aliyehamia huko nimuulize kwa nini hapokei simu. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilichagua kwa kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha vilima. Jiji moja lilikuwa na madaraja yanayopanda kama barabara za Runyenjes, nikalifuta. Lingine lilikuwa na kilima ambacho wenyewe wamekipa jina la kuvunjika moyo. Moyo wangu ulikuwa mzima, wa nini kuupeleka ukavunjwe? Berlin ilikuwa tambarare kama chapati. Nikaomba Berlin, na lo, kura ikaniangukia! Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimechagua mbio za tambarare na ninaishi mahali pasipo na tambarare.

Tunaishi juu ya Manyatta, upande wa Embu, kwenye kipande cha shamba ambacho mke wangu alipewa na marehemu baba yake. Ndiyo, najua. Mwanamume anayejenga kwa wakwe huulizwa kama ameoa au ameolewa, na mimi nimeshaulizwa na kila mwenye mdomo kutoka Manyatta hadi Githongo. Huko kwetu barabara ni mbili, ya kupanda kwenda msituni na ya kushuka kwenda mjini. Ukikimbia ya kushuka, magoti yanalia. Ukikimbia ya kupanda, unalia mwenyewe. Njia tambarare ni moja tu, kijia chembamba kinachofuata mfereji wa maji katikati ya chai, toka kanisani hadi kituo cha kupimia majani. Nikienda na kurudi humo mara nyingi kadiri ya pumzi, ningepata miguu ya Berlin. Nikikosa njia hiyo, hakuna Berlin. Na njia hiyo inapita langoni mwa mama mkwe wangu.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamkai chumba kimoja. Hamshikani mikono. Mkikutana njiani, mmoja anaipisha njia. Vijana wa siku hizi wanapiga selfi na mama wakwe zao, na mchungaji wetu amehubiri mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya kale. Mama mkwe wangu huitikia amina kubwa kuliko wote, kisha anatokea mlango wa nyuma asije akakutana nami. Tangu nimwoe binti yake hatukuwahi kusemezana. Akiwa na neno, alimwambia binti yake. Binti yake asipokuwepo, alimwambia ng'ombe. Alisimama nje ya ua wetu, akamgeukia ng'ombe wetu, akapaza sauti: "Wewe ng'ombe, mwambie mwenye boma paipu imepasuka huku juu." Nami nikiwa ndani nilimjibu ng'ombe huyo huyo. Ng'ombe alishazoea, aliendelea kutafuna.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kumepambazuka, na kaptula mpya ya kukimbilia, nyepesi, fupi kuliko busara. Kwenye kona ya mfereji, huyo hapo mama mkwe, kikapu cha kuchumia chai mgongoni. Sijui nani alishtuka zaidi. Alipiga ukelele mdogo, akageuka, akajitosa kwenye chai. Juu ya majani kikabaki kikapu tu. Mimi nikaugeukia mfereji, nikayakagua maji kana kwamba nimetumwa na wizara. Tukasimama hivyo, yeye na chai yake, mimi na maji yangu, mpaka nikaona haya, nikarudi nyumbani kupitia mashamba ya watu.

Jioni ng'ombe akapewa ujumbe. "Ng'ombe, mwambie mwenzako nguo ya ndani huvaliwa ndani."

Nikanunua suruali ndefu ya michezo. Haikusaidia kitu. Kesho yake alikuwepo. Keshokutwa alikuwepo. Kila asubuhi ya Mungu yuko pale pale, kwenye kile kipande chake kidogo cha chai kilicho kando ya njia. Nikitokea ghafla, anaruka yeye. Nikimwona kwanza, naruka mimi. Mazoezi gani hayo? Programu niliyoipakua kwenye simu ilisema nikimbie dakika ishirini bila kusimama. Haikusema lolote kuhusu kutumbukia mferejini. Nikamfokea mke wangu: "Mama yako hana asubuhi nyingine? Hana kipande kingine cha chai?" Akanijibu kwamba njia hiyo ilikuwa ya mama yake kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu, na kama nataka tambarare isiyo na mama mkwe, niende nikaishi Berlin.

Mazungumzo ya amani yakafanyika, mke wangu akipanda na kushuka kati ya nyumba mbili kama mjumbe wa nchi zinazopigana. Nilipendekeza niwe napiga mluzi. Mama mkwe akakataa, mluzi ni wa kuita mbwa. Nikapendekeza nifungulie nyimbo kwenye simu. Akakataa, nyimbo zangu hazijaokoka. Mwishowe suluhisho alilileta mwenyewe, akalitundika kwenye pembe ya ng'ombe wetu na kwenda zake. Ilikuwa kengele ya mbuzi pamoja na kamba yake. Niifunge kiunoni, anisikie ningali mbali, aingie kwenye chai taratibu kama mtu mzima, anipe mgongo, nipite.

Mimi, mwalimu mwenye shahada, nikavaa kengele ya mbuzi. Heshima si utumwa, wanasema. Waliosema hawakuwa wamefungwa kengele.

Lakini ilifanya kazi, siwezi kukana. Nikikaribia kona, chai inatikisika kidogo, mgongo na kilemba vinaonekana, napita. Nikirudi, mgongo ule ule, kilemba kile kile. Watu wakaanza kuniita Beberu. Mbuzi jike wa jirani alikata kamba akanifuata hadi kituo cha majani, na mwenyewe akaja kuniuliza nimemwahidi nini. Wazee niliowapita waliniambia, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kulifikiria, "Mwalimu, haraka haraka haina baraka." Mama mmoja akamwambia mke wangu kwamba siku hizi hatazami saa, akisikia kengele imepita anajua ni wakati wa kupeleka maziwa. Tumbo likapungua, sukari ikashuka, daktari akanipa mkono. Mwalimu wa hesabu akaacha kucheka, akaanza kuniuliza viatu hivyo nilinunua wapi. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ile ya mtu anayejua atafika.

Ikaja Julai na manyunyu yake, ukungu mpaka mlangoni, udongo mwekundu ukawa sabuni. Kwenye kona ile, mguu wa kushoto ukaenda njia yake na mimi njia yangu. Kitu kikalia kwenye kifundo. Nikaanguka chali kando ya mfereji, kengele ikalia mara moja, ikanyamaza. Maumivu yalikuwa ya kutapika, lakini hayakuwa ndiyo yaliyonijia kwanza. Kilichonijia ni kile kiti cha mbao cha baba. Nikasema kwa sauti, "Basi. Kwisha habari."

Mama mkwe alikuwa hapo kwenye chai, hatua chache tu, amenipa mgongo kama kawaida. Hakukuwa na mtu mwingine njiani. Hata ng'ombe hakuwepo.

"Wewe mti wa chai," ikasema sauti, "muulize huyo mtu mbona kengele imenyamaza."

Nikaugeukia mti wa chai. Haki ya Mungu, niliugeukia. "Mti wa chai, mwambie mama nimeteguka mguu."

"Mti wa chai, muulize kama anaweza kusimama."

"Mwambie sijui."

"Mwambie ajaribu! Atajuaje bila kujaribu?"

Nikajaribu. Nikapiga yowe ambalo halikupitia kwa mti wowote.

Chai ikatikisika, naye akatoka. Akanitazama usoni. Miaka yote hiyo sikujua kwamba macho ya mke wangu ni ya mama yake. Akatua kikapu, akavua kilemba, kichwa chote mvi tupu, akapiga magoti kwenye tope. Akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akaufunga na kile kilemba kwa nguvu za mtu anayefunga gunia la viazi. Na huku mikono ikifunga, mdomo ukafunguka.

Ngai, Mungu wangu! Yote aliyokuwa ameyaweka tangu harusi yalitoka siku hiyo, kwa Kiembu cha haraka kisicho na nukta. Ati tangi la maji nililolijenga limeinama, kila akilitazama shingo inamuuma. Ati siku ya harusi nilirudia chakula mpaka wajomba wakaanza kutazamana. Ati nasalimia watu kama askari anayeuliza kitambulisho. Ati nawaita kuku kwa Kimeru na kuku ni wa Embu, ndiyo maana hawatagi. Ati naimba kanisani kana kwamba Mungu ni kiziwi. Nilikuwa nimelala kwenye tope, nalia kwa maumivu na kucheka kwa pamoja, naye akanichapa kofi la paja, paja lenyewe lile la haramu. "Unacheka nini? Tulia!" Mama yangu mzazi alifariki nikiwa chuoni. Nilikuwa nimesahau raha ya kugombezwa na mtu anayejua makosa yako yote na bado amekushika mguu. Nilitamani asimalize.

Zahanati wakasema hakuna mfupa uliovunjika, mishipa imevutika, nipumzike. Nikapumzika. Mguu ukafura kama boga, na kila asubuhi niliamka nikautazama, boga. Wiki za kufika Berlin zikawa zinaisha bila mimi. Nikajiamulia kwamba siendi. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mwalimu wa hesabu. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, mguu juu ya stuli, na siku moja kuku akapita akichakura, nikamfokea. Nikamfokea kweli kweli, kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Mke wangu aliyekuwa akianika nguo aliisikia. Akaacha nguo kwenye beseni, akapanda kwa mama yake.

Aliporudi alirudi naye. Na mama yake akaingia ndani. Ndani ya nyumba ya mkwe wake, kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti kinachotazamana na changu. Mke wangu akasimama mlangoni kama anayelinda benki.

"Nasikia huendi," akasema mama mkwe.

"Ni mguu, mama."

"Mguu upo. Nauona. Ni mbaya, lakini upo. Habari za baba yako ninazijua. Niliambiwa kabla hatujapokea mbuzi zako. Sasa nikuulize, wewe uliyesoma. Kile kipande changu cha kando ya njia, nakichuma mara ngapi?"

Chai ukishaichuma unaiacha wiki na zaidi ichipue. Kile kipande kilikuwa kidogo, mtu mmoja angekimaliza asubuhi moja. Nimekaa katikati ya chai miaka yote hii, na kwa vile nilikuwa nimekasirika sikuwahi kujiuliza alikuwa akichuma nini pale kila siku.

"Kikapu kilikuwa kitupu?"

"Ulitaka nibebe mawe?" Akaukunja mdomo kama anayezuia kicheko, kisha kicheko kikakosekana. "Huyu mtoto wangu alikuja kulia kwangu siku uliyotoka kwa daktari. Nikasema, huyo Mmeru ataanza na ataacha. Ulipoanza kukimbia nikateremka nione. Kesho yake nikateremka tena. Siku ukichelewa nilikuwa siwezi kunywa hata uji mpaka nisikie umepita. Nimeingia kwenye umande ule kila asubuhi, na haya magoti yangu, kwa sababu ya hiyo miguu yako. Sasa usikae hapo uniambie nilikuwa najificha bure."

Mmeru asiye na jibu ni jambo la kuitia majirani. Nilitazama sakafu, na mke wangu akatazama nje, na mama mkwe akatoa chupa ya mafuta ya mbarika ya kukandia kwenye mfuko wake.

"Leta hilo boga," akasema.

Alikuja kila jioni kuukanda, na mikono yake haina huruma. Wazee wa ukoo walipopata habari wakasema nthoni imevunjwa, mbuzi achinjwe. Nikachinja. Mama mkwe akala pamoja nasi, akaniambia nyama nimeikausha. Na tangu hapo hanyamazi. Alipata namba yangu ya simu, akawa ananipigia nikiwa darasani kuniambia mvua inakuja. Nilirudi njiani nikitembea, kisha nikichechemea, kisha nikikimbia kidogo kidogo, naye amesimama kando ya mfereji mchana kweupe, mikono kiunoni, akipiga kelele: "Inua miguu! Unaikokota kama jembe!"

Berlin nilikwenda, na nilikimbia vibaya. Watu wakiona bendera ya Kenya kwenye fulana walisogea pembeni kwa heshima, wakinipisha, wakingoja nipite. Walingoja sana. Mzee mmoja mwembamba, nadhani ana wajukuu, alinipita akaniomba radhi. Kifundo kilianza kuuma tukiwa bado tuko mbali, na kipande cha mwisho nilikimalizia nusu nikikimbia, nusu nikichechemea, nikijitukana kwa Kimeru. Nilipovuka ule mstari wakanivisha medali na karatasi moja ya kung'aa ya kutunza joto, kama ile ya kufungia nyama. Nikaketi ukingoni mwa barabara, nikapiga simu nyumbani.

Aliyepokea hakuwa mke wangu.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Wa ngapi?"

"Tulikuwa wengi."

"Nyuma yako kuna watu?"

Nikageuka. Walikuwa bado wanakuja, wekundu, wameinama. "Wapo."

"Basi hao tutawaombea." Nikasikia anavyopumua, na nyuma yake mke wangu akiuliza kitu, naye akimwambia anyamaze. "Miguu iko?"

Nilikuwa nimevua viatu. Kucha zimekuwa nyeusi, kifundo kimefura tena, soksi zina damu. "Iko, mama."

"Yote miwili?"

Mwanamume mzima, nimeketi kwenye lami ya watu na karatasi ya nyama mabegani, nalia kwa sauti, na mama mmoja wa Kizungu ameinama ananiuliza kama nataka daktari.

"Mwalimu! Nimekuuliza. Yote miwili?"

"Yote miwili, mama. Yote miwili."